Gitaa Linalokwaruza: Sikiliza Kwanza Ndipo Ushike Bisibisi

Ndugu msomaji, wengi wenu mlikuwa ukumbini mwaka jana siku ya chama chetu cha Kiswahili, nilipopanda jukwaani na gitaa la umeme ili kuwasindikiza waimbaji wetu. Mnakumbuka kilichotokea. Kila nilipogusa uzi zilitoka sauti mbili: noti yenyewe, na nyuma yake mlio mwingine, zzzz, kama nyigu aliyefungiwa ndani ya mkebe wa Kimbo. Kidato cha kwanza walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu mlezi alinifanyia ishara nipunguze sauti. Nikapunguza, nikapunguza tena, mwishowe nikawa nasimama tu pale na gitaa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Makala haya ni jibu langu kwa kicheko kile. Pia ni somo, kwa sababu najua kuna wenzangu watatu hapa shuleni ambao magitaa yao ya kanisani yana ugonjwa uo huo.

Gitaa lenyewe si langu kwa kununua. Lilikuwa la marehemu mjomba, ndugu yake mama, aliyepiga benga kwenye harusi na sherehe kuanzia Keroka, Kebirigo hadi Nyamira mjini. Alipofariki mwaka wa 2022, mtu fulani alilegeza nyuzi zote, gitaa likatundikwa ukutani kwa karibu miaka mitatu. Nilipolitoa pale nilinunua seti ya nyuzi mpya, zile nyembamba kabisa kwa kuwa ndizo zilizokuwa na bei ya mwanafunzi, nikazifunga, na nyigu akaanza.

Mwezi Machi mwaka huu karo ilitubana. Mama akaita mnunuzi. Jamaa huyo alilijaribu gitaa dakika mbili, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, hili limekufa. Linakwaruza kila mahali. Nitakupa elfu tatu nikalitoe vipuri." Mama alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Nilimwambia, "Baba, nipe mpaka mwisho wa likizo ya Aprili." (Mgeni asishangae: kwa Ekegusii neno "baba" ndilo mama, naye baba tunamwita "tata". Ndiyo maana insha zetu za darasa la nne zilimchanganya mwalimu aliyetoka pwani.) Mama akanitazama kitambo. Akasema sawa, lakini Aprili ikiisha na gitaa bado linalia kama mende, linakwenda.

Kwa hivyo nilikuwa na wiki tatu tu, na sikuwa na pesa za fundi. Fundi mmoja niliyemwendea mapema alikuwa ameniambia freti zote zing'olewe na kuwekwa mpya, kwa bei iliyozidi ile ya gitaa lenyewe. Ashukuriwe Mungu sikuwa nazo, maana freti hazikuwa na kosa, ila moja tu, na hiyo nitaieleza mwishoni.

Tuelewane kwanza kuhusu majina ya viungo. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa juu ya shingo, ambavyo vidole hushikia nyuma yake. Mwanzo wa shingo, karibu na kichwa, pana kipande cheupe chenye mikato sita. Mafundi hukiita nati, na si nati ya baiskeli. Upande wa pili, kwenye mwili, nyuzi hupita juu ya kidaraja chenye vikalio sita, kimoja kwa kila uzi, na kila kikalio kina skrubu mbili ndogo za kukiinua au kukishusha. Chini ya nyuzi kuna pikapu, ambayo nayo si Toyota ya kubebea ndizi bali ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana ili kugeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme. Na ndani ya shingo, pasipoonekana, umefichwa ufito wa chuma. Huo ndio mhusika mkuu wa hadithi yetu.

Sasa, uzi wa gitaa ukipigwa hausimami mahali pamoja. Waliofika kwenye mawimbi katika fizikia wanajua kwamba uzi uliofungwa pande mbili hutikisika zaidi katikati na kutulia kwenye ncha. Kwenye gitaa la umbo hili, ambalo ni mwigo wa Stratocaster iliyotengenezwa na Fender mwaka wa 1954, urefu wa uzi kutoka nati hadi kidaraja ni milimita 648. Freti ya 12 iko katikati, milimita 324, ndiyo sababu ukishika pale unapata noti ile ile ikiwa oktavu moja juu. Uzi wa sita, ule mnene, hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, mara 330 hivi. Ule mnene hupepea kwa upana zaidi, kwa hivyo huhitaji nafasi kubwa zaidi juu ya freti. Uzi unapopepea na kugonga freti ambayo hukuishika, hapo ndipo mkwaruzo unapozaliwa. Basi. Hakuna jini. Ni chuma kugonga chuma mara 82 kwa sekunde.

Kwa nini basi mtu asiinue tu nyuzi zote juu amalize maneno? Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nalo nalikiri hapa mbele ya walimu. Nilichukua ufunguo mdogo wa pembe sita nikainua vikalio vyote mpaka uzi ukawa mbali na freti kama waya wa stima. Vidole vikachubuka. Noti za juu zikawa hazina sauti sahihi, kwa sababu kuusukuma uzi mbali namna ile ni kuuvuta, na uzi uliovutwa hupanda. Na nyigu? Nyigu alikuwa pale pale kwenye freti ya 1, ya 2 na ya 3, amestarehe. Kuinua upande wa kidaraja hakusaidii sana upande wa nati. Ni kama kuinua mguu mmoja wa kitanda kirefu na kutarajia upande wa pili upande sawasawa.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi. Nilisikia kwamba ndani ya shingo kuna chuma cha kukaza, nikafikiri kama mtu wa boda boda: kinachopiga kelele kimelegea, kikazwe. Nikazungusha kuelekea kulia, nusu mzunguko mzima. Asubuhi yake nyuzi zilikuwa zimelala juu ya freti za kwanza kama nguo juu ya kamba iliyokatika. Hata wazi, bila kidole, hazikulia.

Usiku huo sikulala vizuri. Lakini ndipo nilipoanza kufikiri badala ya kuzungusha.

Nyuzi sita zikikazwa hadi noti zake, zote huvuta kichwa cha gitaa kuja mbele. Seti nyembamba, ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.009, huvuta kwa nguvu ya kama kilo 38 kwa jumla kwenye gitaa la urefu huu. Seti nene ya 0.011 huvuta kilo zipatazo 53, yaani kuzidi mfuko wa saruji. (Mwalimu wa fizikia atanilaumu kwa kusema kilo, basi ni niutoni kama 370 na 520.) Kazi ya ule ufito ndani ya shingo ni kuvuta kurudi nyuma, ili shingo isipinde kama upinde wa mwindaji. Ni mashindano ya kuvuta kamba: nyuzi mbele, ufito nyuma, na shingo ya mbao iko katikati inasikiliza.

Mjomba alikuwa mtu wa seti nene. Nilikuta mabaki yake kwenye mfuko wa gitaa. Ufito ulikuwa umekazwa kushindana na kilo 53. Kisha nyuzi zikalegezwa, na kwa miaka mitatu ufito ulikuwa unavuta peke yake bila mpinzani, huku mvua zetu zikinyesha. Na nyote mnajua mvua ya huku Gusii. Mbao hunywa unyevu nayo hubadilika. Shingo ikapinda kurudi nyuma, katikati ikawa na nundu. Nami nikaja na nyuzi za kilo 38, mpinzani dhaifu. Halafu, kwa werevu wangu, nikaukaza ufito zaidi!

Tangu hapo nilijiwekea sheria ya kutogusa kitu kabla ya kusikiliza. Nilikaa kitandani na daftari, nikacheza kila uzi kwenye kila freti, nyuzi sita kwa freti 21, nikiandika alama ya msalaba palipokwaruza. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili baada ya kutoka kuchuma majani chai. Huhitaji amplifaya kwa kazi hii. Chumba kiwe kimya tu, na upige kwa nguvu yako ya kawaida, si kwa hasira. Mahali kelele ilipo ndipo panapokwambia ugonjwa.

Ikiwa uzi unakwaruza ukiwa wazi tu, na ukishika freti yoyote unalia safi, basi mkato wa nati umekuwa wa kina mno au mpana mno. Ikiwa freti za kwanza hadi ya tano ndizo zenye kelele, shaka kwanza shingo iliyorudi nyuma. Kelele ikiwa juu, kuanzia ya 12 kwenda mwilini, mara nyingi vikalio viko chini sana, au shingo imekaa vibaya pale ilipofungwa kwa skrubu nne. Ikiwa ni kila mahali, nyuzi zote ziko chini. Na ikiwa ni freti moja tu, kwenye uzi mmoja au miwili, usiitazame uliyoishika. Tazama inayofuata kuelekea mwilini, kwani hiyo ndiyo imeinuka.

Naongeza jambo ambalo lilinipotezea jioni nzima. Kulikuwa na kelele moja iliyotokea kila nilipopiga noti ya La, yaani uzi wa tano ukiwa wazi. Nikakagua nati, nikakagua kidaraja, nikakaza skrubu za vichwa. Haikuondoka. Kumbe ilikuwa glasi za mama kabatini, ambazo zilikuwa zikiitikia noti ile kila ilipopigwa. Nyingine ilikuwa kifungo cha sare yangu kikigusa mgongo wa gitaa. Kwa hivyo kabla ya kulaumu ala, vua shati na ufungue kabati. Vilevile gusa kwa kidole kila kitu kilicholegea: nati ndogo za vichwa, chemchemi za nyuma, skrubu za vikalio. Chemchemi zikiimba zenyewe, kipande cha sponji kinazinyamazisha.

Daftari langu lilikuwa na misalaba tele freti ya 1 hadi ya 4, kwenye nyuzi zote. Utambuzi ukawa wazi. Nilichukua rula ndefu ya chuma nikailaza kwenye freti katikati ya uzi wa tatu na wa nne. Ikabembea. Shingo yenye afya huacha mwanya mdogo sana katikati chini ya rula. Yangu ilikuwa na kilima.

Kupima mwanya wenyewe kuna njia rahisi. Shika uzi wa sita kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya 17 kwa mkono wa pili, wote kwa wakati mmoja. Uzi ulionyooka sasa ndio rula yako. Angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe kama milimita 0.25, unene wa kadi nyembamba. Nilipata kifaa cha kupimia mahali ambapo hukutarajia: kwa fundi wa boda boda pale stendi. Wao hutumia zile karatasi za chuma zilizoandikwa namba kupimia tapeti za pikipiki. Nilimwamkia, "Bwakire," nikamweleza nataka kupima gitaa. Aliwaita wenzake waje wamwone mgonjwa wa tapeti za gitaa. Lakini alinikopesha, na hakuchukua hata shilingi.

Kwenye freti ya 7 hata karatasi nyembamba kuliko zote haikupita. Mwanya ulikuwa sifuri.

Sasa tulia hapa, ndugu msomaji, kwa sababu ndipo watu wanapovunja magitaa. Haraka haraka haina baraka. Ukitazama ile nati ya ufito kutoka upande wa ncha yake, kuizungusha kulia, kama saa inavyokwenda, ni kukaza, na shingo hurudi nyuma. Kuizungusha kushoto ni kulegeza, na nyuzi huivuta shingo mbele. Zungusha robo mzunguko tu, kisha rudisha nyuzi kwenye noti zake, ngoja, pima tena. Mimi nilikuwa nikizungusha robo moja jioni na kupima asubuhi kabla ya kwenda shambani, kwa sababu mbao haina haraka. Ikiwa nati ya ufito ni ngumu kabisa, iache. Ufito ukikatika ndani ya shingo, hapo ndipo mnunuzi wa vipuri atakuwa amesema kweli. Na ufunguo uwe wa kipimo chake hasa. Wetu unachukua wa milimita 4. Ukilazimisha ule uliolegea kidogo, pembe sita zitageuka duara na hutazungusha tena maishani.

Nilirudisha ile nusu yangu ya ujinga kwa robo mbili. Kisha robo moja zaidi. Halafu nikauza kuku mmoja (wangu mwenyewe, jamani, si wa mama) nikapanda matatu hadi Kisii mjini, nikanunua seti ya 0.010, ambayo huvuta kama kilo 46. Ile ya 0.011 ya mjomba ilikuwa ngumu mno kwa vidole vyangu, na ile ya 0.009 haikutosha kuivuta shingo mbele. Siku ya nne asubuhi karatasi ya 0.25 ilipita freti ya 7 ikikwaruzana kwa mbali sana. Nikacheza freti ya 1. Ya 2. Ya 3. Safi, kama maji ya chemchemi. Nilikimbia nje bila viatu kumwambia mama, akaniuliza kama nimeng'atwa na siafu.

Baada ya shingo ndipo vikalio. Usibadili mpangilio huu: shingo kwanza, vikalio baadaye, maana shingo ikisogea kila kipimo cha kidaraja kinakuwa uongo. Kwenye freti ya 12, kati ya mgongo wa freti na tumbo la uzi, nilishusha uzi wa sita hadi milimita 2 na wa kwanza hadi milimita 1.6. Jihadhari na rula za plastiki za shuleni. Huwa na nafasi tupu kabla ya sifuri, na nafasi hiyo ni kubwa kuliko kipimo chenyewe. Kama mkono wako ni mzito, ongeza kidogo. Wapiga benga hupiga nyuzi nyembamba kwa kasi na kwa ukali, noti moja moja, kila moja isikike. Msikilize D. O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki mwaka wa 2006, au hapa kwetu Christopher Monyoncho aliyeimba benga kwa Ekegusii: gitaa linaongea kama mtu. Mkwaruzo kwenye muziki wa aina ile ni kama kigugumizi.

Ikabaki nati. Uzi wa sita ukiwa wazi ulikuwa bado unavuma kidogo. Nyuzi nene za mjomba zilikuwa zimekula mkato kwa miaka, na uzi wangu mwembamba ulikuwa ukicheza ndani yake kama mguu mdogo kwenye kiatu cha baba. Jaribio la nati ni hili: shika uzi kwenye freti ya 3, utazame juu ya freti ya 1. Lazima pawe na nafasi, japo ya unene wa karatasi. Hapakuwa na kitu. Nikaamua kuchonga nati mpya. Mzalendo kama nilivyo nilitumia kwanza jiwe la sabuni la Tabaka. Lilichongeka kwa urahisi, likang'aa, likapendeza kuliko kiwandani. Wiki moja tu, uzi ukawa umelikata kama kisu kwenye siagi. (Wana Tabaka msinikasirikie, jiwe lenu ni la vinyago, si la kubeba kilo 46.) Nikaenda buchari nikaomba mfupa wa paja la ng'ombe, nikauchemsha, nikaukausha, nikausugua kwa msasa na kukata mikato kwa tupa ndogo, kidogo kidogo, nikipima kila mara. Ukizidisha kina huwezi kurudisha. Mfupa ndio uliopo hadi leo.

Ilikuwa nikisugua mfupa huo ndipo babu, sokoro wangu, baba yake mama na mjomba, aliponikuta uani. Babu alipiga obokano ujanani, ile zeze kubwa ya Abagusii yenye nyuzi nane na bakuli lililowambwa ngozi ya ng'ombe, yenye sauti nzito inayovuma. Akauliza ninaondoa nini kwenye gitaa la mwanawe. Nikamweleza: mvumo. Akacheka. "Obokano isiyovuma," akasema, "si obokano, ni kuni."

Neno lile lilinikaa. Babu hakukosea hata kidogo. Ala nyingi za Afrika hutafuta mvumo kwa makusudi. Wahabeshi wana begena, yenye nyuzi kumi, ambayo fundi wake huweka kipande kidogo cha ngozi kati ya kila uzi na kidaraja ili uzi uvume. Waganda wana endongo, ambayo nyuzi zake hutetemeka dhidi ya ngozi ya kenge. Mbira ya Zimbabwe hufungwa makombe au vifuniko vya chupa ili itoe shwaaa. Sasa mbona mimi nahangaika kuondoa kile ambacho wazee walihangaika kukitia? Nilimuuliza babu hivyo. Akasema mvumo wa obokano unautia mwenyewe, unautia kwenye nyuzi zote, na ukipiga unajua utakuja. "Huu wako ulikuja wenyewe kama mwizi." Sijasoma kitabu kilichoeleza tofauti hiyo vizuri kuliko mzee yule. Kwenye daftari langu la misalaba, kelele ilikuwa freti ya 3 na haikuwa ya 6. Wimbo ukipita pale ulijikwaa, ukitoka ulitembea. Hakuna mwimbaji anayeweza kufuata hivyo.

Nipite haraka kwenye kelele ya aina nyingine, kwa kuwa wengi huichanganya na mkwaruzo. Ukiunganisha gitaa na amplifaya ukasikia mngurumo, mmm, hata bila kugusa uzi, hiyo si freti. Huo ni umeme. Stima yetu Kenya hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na pikapu ya koili moja huukamata mngurumo huo hewani kutoka kwa nyaya, taa za mrija na chaja za simu. Geuza mwili upande mwingine, sogea mbali na amplifaya, utasikia ukipungua. Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitatua tatizo hili mwaka wa 1955 kwa kuweka koili mbili zilizopangwa kinyume ili mngurumo wa moja ufute wa nyingine, lakini gitaa la mjomba lina koili moja moja, kwa hivyo navumilia. Mngurumo ukipungua unapogusa nyuzi, hilo ni la kawaida. Ila ukipigwa shoti na nyuzi, hata kidogo, chomoa papo hapo, na usimruhusu mtu yeyote kanisani akate ule mguu wa tatu wa plagi eti soketi ina matundu mawili. Mguu ule ndio unaopeleka umeme ardhini badala ya moyoni mwako.

Mwisho wa Aprili mnunuzi alirudi kama alivyoahidi. Mama alinipa gitaa mbele yake. Nilicheza kipande kimoja cha mjomba, kile alichokuwa akifungulia harusi, polepole kwa sababu sikijui vizuri. Jamaa akasema, "Ah, kumbe mmelitengeneza," akataja elfu tisa. Elfu tisa, wanafunzi wenzangu, ni sehemu kubwa ya deni letu. Nilitazama chini. Mama hakuwa anamtazama mnunuzi. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto. Akamwambia jamaa akunywe chai kwanza. Alipomaliza chai akamwambia gitaa haliuzwi, atasubiri bonasi ya majani chai. Kwa hivyo karatasi yangu ya karo bado ina wekundu, na bwana mhasibu akisoma makala haya naomba anivumilie hadi Oktoba.

Nilisema nitaeleza freti moja yenye kosa. Ni ya 14. Nililaza kadi ngumu ya benki ya shangazi, ubavu wake mfupi, juu ya freti tatu tatu kwa zamu. Ikibembea, ile ya katikati ndiyo ndefu. Kwenye ya 14 ilibembea upande wa uzi wa sita. Kwa hivyo ukishika ya 13 kwenye uzi huo, unagonga ya 14, zzz. Dawa yake ni kuigonga taratibu kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mti, na ikikataa kushuka ndipo utumie tupa. Nimeandaa nyundo na mti mara mbili. Lakini babu amegundua noti ile, na kila akija huniambia niipige. Nimeiacha kwanza.

Wenzangu watatu wenye magitaa ya kanisani, mje na daftari siku ya chama. Karatasi za tapeti ninazo hadi Ijumaa.